Jangwa Kongwe, Tembo Wengi na Mto Usiofika Baharini: Rekodi za Kusini mwa Afrika na Namna ya Kuzipangia Safari

Jangwa la Namib lina umri usiopungua miaka milioni 55, na wanajiolojia wengi hulihesabu kuwa kongwe kuliko majangwa yote duniani. Kaskazini mashariki yake unatiririka Mto Okavango, ambao haufiki baharini. Na ng'ambo ya mpaka wa Namibia iko Botswana, nchi yenye tembo wengi kuliko nyingine yoyote. Mwenye uwezo anaweza kuviona vyote hivi kwa safari moja ya wiki mbili, na kampuni za utalii hazitasita kumpangia. Ila rekodi hizi hazionekani vizuri kwa wakati mmoja. Kila moja ina msimu wake, na kinachoamua msimu ni maji. Ndiyo maana namshauri anayeweka akiba kwa ajili ya safari hii ajue kwanza maji yako wapi na yanafika lini, kisha ndipo achague hoteli.

Tuanze na mahali ambapo maji hayapo. Namib inafuata pwani ya Atlantiki kwa karibu kilomita 2,000, kutoka Angola hadi Afrika Kusini. Bahari iko hapo hapo, lakini mvua hainyeshi, kwa sababu mkondo baridi wa Benguela unaipoza hewa juu ya maji hadi inashindwa kupanda na kufanya mawingu ya mvua. Kinachoingia nchi kavu ni ukungu. Kuna dundu wa jangwani ambaye maisha yake yote yanategemea ukungu huo. Alfajiri hupanda hadi kwenye ukingo wa juu wa tuta la mchanga, huinamisha kichwa na kuinua makalio kuuelekea upepo, akatulia. Ukungu hujikusanya mgongoni mwake, tone moja moja, na matone yakiwa mazito huteremka yenyewe hadi mdomoni. Mwombe mwongozaji akuamshe mapema siku ya ukungu umtafute huyo dundu.

Katika jangwa hilo hilo huota welwichia, mmea ambao maisha yake yote una majani mawili tu. Majani hayo hukua bila kukoma, huku upepo ukiyapasua hadi yakaonekana kama rundo la mikanda iliyotupwa, na mimea mingine inakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,000.

Wengi hufika Namib kwa ajili ya matuta ya Sossusvlei. Tuta liitwalo Big Daddy lina kimo cha mita 325 hivi, na lile la Dune 7 karibu na mji wa Walvis Bay hutajwa kuwa refu zaidi, kama mita 380. Chini ya Big Daddy kuna bonde la Deadvlei, sakafu nyeupe ya udongo mkavu iliyosimamisha migunga iliyokufa miaka 600 hadi 700 iliyopita. Miti hiyo haijageuka mawe. Imekauka tu, kwa kuwa hewa haina unyevu wa kutosha kuiozesha, na jua limeichoma hadi ikawa myeusi. Hapa fedha zina kazi ya kweli. Geti la Sesriem, la kuingilia Sossusvlei, hufunguliwa jua likichomoza, lakini aliyelala ndani ya hifadhi huruhusiwa kuondoka saa moja kabla. Mbele yake kuna kilomita 60 za lami, kisha 5 za mchanga mzito zinazohitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Saa hiyo moja ndiyo inayokufikisha Deadvlei kabla ya joto na kabla ya mabasi. Kwa maoni yangu ina thamani kuliko bwawa la kuogelea chumbani.

Kusini mwa Sossusvlei iko hifadhi binafsi ya NamibRand, ambayo mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa kimataifa kama hifadhi ya anga la usiku. Baadhi ya loji za eneo hili zina dirisha la paa juu ya kitanda. Panga kulala huko siku za mwezi mwandamo, maana mbalamwezi hufifiza nyota.

Namibia ina rekodi nyingine mbili ambazo vijitabu vya watalii huzipigia debe sana. Korongo la Fish River, lenye urefu wa kilomita 160 na kina kinachofikia mita 550, hutajwa kuwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini liko mbali kusini na litakula siku zako. Mwenye wiki mbili aliache. Kimondo cha Hoba, karibu na Grootfontein, chenye uzito wa tani 60 hivi, ndicho kipande kimoja kikubwa zaidi cha kimondo kinachojulikana duniani. Aliyekwisha kuona Kimondo cha Mbozi kule Songwe atakitambua chuma kile mara moja. Kiko njiani kwa anayekwenda Etosha kupitia mashariki, basi ashuke nusu saa.

Etosha yenyewe ina uwanda wa chumvi wa takriban kilomita za mraba 4,800, mweupe kiasi cha kuonekana kutoka angani. Kuanzia Julai hadi Oktoba maji hubaki kwenye visima vichache, na wanyama huja wenyewe. Unakaa kisimani, unasubiri. Magharibi zaidi, katika milima mikavu ya Kunene, wanaishi faru weusi wanaozunguka huru nje ya hifadhi, kundi kubwa kuliko yote ya namna hiyo duniani. Huwafuati kwa gari peke yake. Unatembea nyuma ya askari wa wanyamapori wanaosoma nyayo, na mara nyingi ardhi unayokanyaga ni ya jumuiya ya wenyeji. Sheria ya mwaka 1996 iliwapa wanavijiji wa Namibia haki ya kusimamia wanyama na kupata mapato ya utalii, na leo jumuiya hizo ziko zaidi ya 80, zikisimamia karibu sehemu moja ya tano ya nchi. Kabla ya kulipa, iulize loji inailipa jumuiya gani. Loji inayofanya kazi kwa haki itakujibu bila kuzunguka.

Sasa Okavango. Mwaka 2014 delta hii iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia ikiwa eneo la 1,000. Mvua zake hunyesha Angola, hasa Januari na Februari. Kutoka huko maji husafiri polepole sana, kwa sababu nchi ni tambarare, yakipenya kwenye mafunjo na mchanga, hadi mafuriko yanafikia kilele kati ya Juni na Agosti. Huo ni wakati ambao Botswana haina tone la mvua. Kwa hiyo maji mengi kabisa hufika katikati ya kiangazi, na wanyama wa nchi kavu inayoizunguka delta hukimbilia hapo. Kisha mto unaishia mchangani: karibu maji yote hunywewa na mimea au kuchukuliwa na jua. Ukitaka kupanda mokoro, mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa upondo na mtu aliyesimama nyuma, nenda miezi hiyo. Zamani ilichongwa kwa magogo ya miti mikubwa. Siku hizi mingi ni ya faiba, ili miti iachwe ikue.

Botswana iliamua zamani kupokea wageni wachache wanaolipa sana. Kambi nyingi za kifahari ndani ya delta hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa mtu kwa usiku katika msimu wa wageni wengi, na za juu kabisa huvuka 2,000. Chakula na mizunguko ya kuona wanyama huwa ndani ya bei. Nyingi hufikika kwa ndege ndogo tu, na mzigo kwa kawaida ni kilo 20 kwenye begi laini. Sanduku gumu litaachwa mjini Maun, kabla ya kupanda ndege.

Tembo ni hadithi ya kaskazini. Sensa ya angani ya mwaka 2022 katika eneo la KAZA, linalounganisha Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, ilikadiria tembo 227,900, na karibu 132,000 kati yao walikuwa Botswana. Agosti hadi Oktoba hujazana kando ya Mto Chobe. Lakini miezi hiyo Maporomoko ya Victoria, yenye upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, hupungukiwa na maji, na ikifika Oktoba upande wa Zambia huwa ukuta wa mwamba mkavu kwa sehemu kubwa. Anayetaka maporomoko yakinguruma aende Machi hadi Mei, akubali tembo wachache mtoni. Huwezi kuvipata vyote viwili katika ubora wake, na anayekuahidi hivyo anakuuzia tiketi tu.

Msomaji aliyezoea Serengeti atauliza kuhusu misafara ya wanyama. Kwa wingi, nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti hawana mpinzani huku kusini. Lakini mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba pundamilia wanatoka Mto Chobe hadi uwanda wa Nxai Pan na kurudi, kilomita zipatazo 500, safari ndefu kuliko yoyote ya wanyama wakubwa iliyokuwa imerekodiwa Afrika hadi wakati huo. Huondoka mvua za Desemba zikianza, msimu ambao bei za kambi hushuka. Kwa mwenye mfuko wa wastani, hii ndiyo rekodi ya kufuata.

Wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani Afrika Kusini hukiulizia, na wengi hupitia Johannesburg. Kaskazini mwa Botswana kuna malaria. Jangwani Namib hakuna. Asiyependa ndege na mwenye fedha nyingi ana njia nyingine: treni ya kifahari ya Rovos Rail husafiri kati ya Cape Town na Dar es Salaam kwa siku 15, ikipita Victoria Falls na kuingia Tanzania kwa reli ya TAZARA.

Kama ni safari moja tu, uamuzi wangu ni Julai: usiku tatu Sossusvlei, tatu Etosha, nne Okavango. Siku zinazobaki za wiki mbili zitumie Chobe na Maporomoko ya Victoria: maporomoko yatakuwa bado na maji ya kuridhisha, na tembo watakuwa wameanza kuteremka Chobe. Kambi za delta huwa na vyumba vichache, na Julai hujaa mapema, hivyo weka nafasi mwaka mmoja kabla.