Simu ya Mkononi na Vipimo vya Afya: Mfano wa Uwanda wa Ufipa

Simu ya mkononi imekwisha kuwa chombo cha kila siku katika nyumba nyingi za Katandala, kama ilivyo katika kata nyingine za Sumbawanga. Watu huitumia kuzungumza na kupeleka fedha, na sasa wako wanaoitumia kuweka hesabu ya afya zao: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, sukari, uzito na hatua walizotembea. Jambo hili lina manufaa, kwani uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takribani robo ya watu wazima wa Tanzania walikuwa na shinikizo la juu la damu, maradhi ambayo mara nyingi hayana dalili yoyote. Hata hivyo, namba iliyo kwenye kioo cha simu si ukweli kwa sababu tu imeandikwa na mashine. Yatupasa kujua imepatikanaje.

Simu inapima nini?

Vipimo tunavyoviona katika simu ni vya aina tatu, na ni muhimu kuzitenganisha.

Aina ya kwanza ni vile ambavyo simu hupima yenyewe. Ndani ya simu kuna kihisio kidogo kinachotambua mtikisiko, na kwa mtikisiko huo programu huhesabu hatua. Kamera nayo huweza kuhesabu mapigo ya moyo. Mtu akifunika kamera na taa yake kwa ncha ya kidole, mwanga hupenya nyama na kurudi. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kidoleni, nayo humeza mwanga zaidi. Kamera ikichukua picha 30 kwa sekunde, na moyo ukipiga mara 72 kwa dakika, yaani mara 1.2 kwa sekunde, kila pigo hupata picha 25. Hizo zatosha kuhesabia mapigo.

Aina ya pili ni vipimo vya chombo kingine kinachopeleka matokeo kwenye simu kwa mawimbi ya redio, kwa mfano mashine ya shinikizo la damu yenye mkanda wa hewa. Hapa simu ni karani tu. Aina ya tatu ni namba ambazo mtu huziandika mwenyewe.

Hatari huanza pale programu inapodai kupima kisichopimika kwa njia hiyo. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichunguza programu moja iliyodai kupima shinikizo la damu kwa simu peke yake, bila mkanda. Katika kila watu 10 wenye shinikizo la juu, programu hiyo iliwaonyesha karibu 8 kuwa salama. Mwezi Februari 2024 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vyakula ilionya dhidi ya saa na pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Mgonjwa anayeacha dawa kwa kuamini namba kama hizo anaweza kupooza au kupoteza maisha.

Mkono na moyo

Shinikizo la damu hupimwa kwa milimita za zebaki. Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza kipimo cha mkanda mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaeleza namna ya kusikiliza sauti za mshipa. Mashine za leo za nyumbani hazisikilizi. Hutambua mtetemo wa hewa ndani ya mkanda unapolegea.

Mkanda sharti uwe sawa na kimo cha moyo. Sababu yake ni fizikia ya kidato: damu ni kimiminika, na shinikizo la kimiminika huongezeka kadiri tunavyoshuka chini. Uzito wa damu kwa ujazo ni mara 1.06 ya maji, na wa zebaki ni mara 13.6. Kwa hiyo milimita 100 za damu ni sawa na 100 × 1.06 ÷ 13.6, yaani karibu milimita 8 za zebaki. Mkono ukining'inia sentimita 15 chini ya moyo, kipimo huzidi kwa karibu milimita 12. Mtu mwenye 130 ataambiwa ana 142, na programu italihifadhi kosa hilo kwa uaminifu mkubwa.

Basi mpimaji akae kimya kwa dakika 5, mgongo ukiegemea, miguu ikiwa sakafuni, mkono juu ya meza. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia.

Wastani ni bora kuliko namba moja

Shinikizo la damu hubadilika saa hadi saa. Ndiyo maana wataalamu hushauri kupima asubuhi na jioni, mara mbili kila kipindi, kwa siku 7, kisha kuacha siku ya kwanza na kutafuta wastani wa siku zilizobaki. Tuchukue mfano wa kubuni wa namba ya juu, wastani wa kila siku: 152, 138, 142, 134, 139, 131, 136. Aliyeiona 152 peke yake angeingiwa na hofu. Aliyeiona 131 peke yake angejiona mzima. Siku 6 za mwisho zina jumla ya 820, na wastani wake ni karibu 137. Kwa vipimo vya nyumbani, 135 kwa 85 au zaidi huhesabiwa kuwa juu. Huyu hana dharura, lakini anapaswa kumwona mganga akiwa na orodha yake mkononi. Hapo ndipo simu hufanya kazi yake bora: kutunza mfululizo.

Oksijeni na mwinuko

Sumbawanga iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa karibu meta 800. Uwandani kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Ziwani ni kama asilimia 91. Kwa hiyo mtu mzima wa afya uwandani huweza kuonyesha oksijeni ya damu iliyo pungufu kidogo kuliko ya mkazi wa Dar es Salaam, kwa mfano asilimia 95, bila ugonjwa wowote. Lakini asilimia 90 au chini yake isisingiziwe mwinuko. Ni sababu ya kwenda hospitali.

Kipimo cha kidoleni, ambacho msingi wake uligunduliwa na Takuo Aoyagi wa Japani na kutangazwa mwaka 1974, kina udhaifu. Baridi ya Juni na Julai hupunguza damu vidoleni. Rangi ya kucha na hina nyeusi huzuia mwanga. Tena, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni uliofichwa na kipimo hiki ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Mgonjwa anayehema kwa shida apelekwe hospitali hata kama namba inapendeza.

Vipimio na siri

Sukari ya damu huandikwa kwa vipimio viwili: milimoli kwa lita, vitumikavyo kwetu, na miligramu kwa desilita, vya Marekani. Sukari ya 7 kwa kipimio cha kwanza ni 126 kwa cha pili. Kabla ya kuandika lolote, hakikisha programu imewekwa kipimio gani.

Aidha, simu nyingi hutumiwa na jamaa nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua habari za afya kuwa nyeti. Mwenye simu naye azifunge kwa namba ya siri.

Jaribio la darasani

Kila mwanafunzi ahesabu mapigo yake kifundoni kwa dakika moja kamili, huku mwenziwe akimpima kwa kamera ya simu. Rudieni mara 5, andikeni tofauti, tafuteni wastani wake. Kisha rudieni baada ya kuchovya vidole katika maji baridi. Darasa lijadili: ni wakati gani simu ilikosea, na kwa nini?