Ngiri na Busha: Hesabu Kabla ya Kisu

Mtu mwenye ngiri huuliza kwanza bei ya operesheni. Ni swali zuri, ila ni la pili. La kwanza ni nauli.

Handeni hadi Korogwe ni kama kilomita 65 za lami. Kwa kiwango cha LATRA cha Desemba 2023, yaani Sh 48.47 kwa kilomita katika basi la daraja la kawaida, hiyo ni Sh 3,150 kwa kichwa. Mgonjwa haendi peke yake. Weka na msindikizaji, kwenda na kurudi: Sh 12,600. Na safari huwa tatu: ya kuonwa na kupangiwa tarehe, ya kupasuliwa, ya kukaguliwa kidonda. Tayari ni Sh 37,800, na hapo hujalipa bodaboda wala sahani ya wali. Ukiipita Korogwe ukaenda hadi Tanga mjini, ongeza kama kilomita 100 za kwenda na nyingine 100 za kurudi kwa kila safari, na nauli peke yake inakaribia Sh 96,000.

Kwa hiyo anza na hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi. Mjini Handeni ipo ya wilaya, upande wa Kwamkono ipo St. Francis, Korogwe ipo Magunga. Bombo, ya Tanga mjini, ni hospitali ya rufaa. Iachie ngiri iliyopasuliwa ikarudi, mtoto mchanga, au mgonjwa mwenye moyo au kisukari kisichotulia. Hao nauli ya Tanga wailipe bila kusita.

Wapo watakaokwambia bingwa yuko mjini. Kwa ngiri ya kawaida ya kinena, usinunue cheo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ulilinganisha operesheni za dharura za uzazi zilizofanywa na madaktari wasaidizi, wale tunaowaita AMO, na zile za madaktari wenye shahada. Haukuona tofauti ya maana kwa mama wala kwa mtoto. Sierra Leone walikwenda mbali zaidi, kwenye ngiri yenyewe. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu kwa matabibu waliofundishwa upasuaji na nusu kwa madaktari. Matokeo yalitoka 2021: baada ya mwaka, ngiri ilikuwa imerudi kwa mgonjwa 1 upande wa matabibu na kwa 7 upande wa madaktari. Swali la kuuliza dirishani ni hili: anayepasua hapa amefanya ngiri ngapi mwezi huu? Mkono uliozoea ndio unaoulipia.

Sasa wavu. Ngiri hurekebishwa kwa njia mbili: kushona nyama yako mwenyewe, au kuziba tundu kwa kipande cha wavu. Kushona ni rahisi leo, lakini ngiri hurudi mara nyingi zaidi, na operesheni ya pili ni ngumu na ghali kuliko ya kwanza. Wanaume wa mashamba ya mkonge Korogwe na wabeba magunia ya mahindi Handeni wasibane hapa. Ikiwa hospitali ya karibu haina wavu na ya pili inao, nauli ya ziada inajilipa.

Ila usilipie wavu wa kifahari. Uganda ilifanya jaribio kwa wanaume 302, likachapishwa Januari 2016. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa kama dola 125, nusu wavu wa kitambaa cha chandarua wa kama dola 1, uliotakaswa kwa mvuke. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu 1 upande wa chandarua, na hakuna upande wa pili. Matatizo ya baada ya operesheni yalilingana, kama 30 kwa kila 100 pande zote mbili. (Usije hospitali na neti ya kitandani. Yenye dawa ya mbu haifai, na isiyotakaswa ni usaha mtupu.) Kwa hiyo ukiandikiwa wavu wa kununua nje, uliza kama upo wa bei nafuu uliotakaswa hapo hapo.

Uliza pia ganzi. Wanaume wa Uganda walifanyiwa kwa ganzi ya mahali, ile ya sindano kuzunguka kinena. Nusu kaputi inahitaji mtaalamu wake na dawa zake, na bili hupanda. Ngiri kubwa iliyoshuka hadi kwenye korodani inaweza kuhitaji ganzi ya uti wa mgongo, na hapo usibishane.

Je, kusubiri ni bure? Wamarekani walilipima hilo kwa wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua, wakachapisha 2006. Kusubiri kulikuwa salama: ngiri ilinasa ghafla kwa chini ya watu 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Walipofuatiliwa miaka kumi, wengi waliishia kupasuliwa, kwa sababu ya maumivu. Wale lakini hospitali ilikuwa karibu. Wewe uliye ndani huko, kwenye barabara inayokatika masika, usiige hesabu yao nzima. Kama uvimbe unarudi ukilala na hauumi, subiri uvune. Siku ukiwa mgumu, unauma, haurudi, na unatapika, hakuna tena suala la kulinganisha bei. Ni kukodi gari usiku ule ule.

Busha ni hesabu nyingine, na Tanga tunalijua vizuri kuliko tungependa. Chanzo kikubwa kwetu ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Vidonge vya ivermectin na albendazole vilivyogawiwa mkoani kuanzia 2004 vinakata maambukizi, lakini busha lililokwisha kujaa havilikaushi. Usinunue dawa ya mizizi wala vidonge vya ziada kwa ajili hiyo. Njia ya bei poa kupita zote, kunyonya maji kwa sindano, ni hasara: maji hurudi, na sindano chafu huacha usaha. Operesheni ya kuondoa mfuko wenyewe ndiyo inayomaliza. Kabla ya kuuza mbuzi, ulizia kwa mganga mkuu wa wilaya kama kuna kambi ya mabusha karibuni; mpango wa taifa wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele umekuwa ukiyapasua bila malipo.

Gharama zilizojificha zipo kwenye karatasi ya vifaa. Ukiandikiwa dawa ya kusafishia ngozi ya bei ya juu, au nyuzi zilizopakwa dawa, jua kwamba utafiti mkubwa wa 2021, wagonjwa 5,788 katika nchi saba zikiwemo Rwanda na Ghana, haukuona kuwa zinazuia usaha kuliko iodini na nyuzi za kawaida. Antibiotiki ya kuzuia inatakiwa kabla ya kisu. WHO ilisema mwaka 2016 isiendelezwe baada ya operesheni bila sababu. Dozi ya wiki nzima "kwa usalama" muulize daktari ni ya nini. Na usinyoe kwa wembe nyumbani, michubuko inaalika vijidudu. Oga kwa sabuni ya kawaida, inatosha.

Mahali pa kutumia pesa ni baada ya operesheni. Utafiti wa 2018 katika nchi 25 za Afrika, wagonjwa 11,422, ulikuta karibu 1 kati ya 5 alipata tatizo, kubwa likiwa maambukizi, na walio wengi kati ya waliofariki walifariki baada ya siku ya operesheni, walikwisha kutoka chumba cha upasuaji salama. Nauli ya kurudi kukaguliwa kidonda isiguswe kwa jambo lingine. Wodi yenye muuguzi anayepita usiku ni bora kuliko yenye vigae vipya.

Kadi ya bima ya CHF iliyoboreshwa iliuzwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, pungufu ya zile nauli za Korogwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imefungua njia ya vifurushi vipya, basi kabla ya kulipa uliza mambo mawili: wavu umo? Na lazima nianze zahanati nipewe rufaa? Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha. Apitie ustawi wa jamii kabla ya siku ya operesheni, maana bili ikishatoka inakuwa vuta nikuvute.

Tarehe ichague kati ya Julai na Septemba, mahindi ya masika yakiwa ndani na jembe la vuli halijaanza. Kutembea utaanza siku ile ile, kazi nyepesi ndani ya siku chache, gunia liachie wiki kadhaa. Ukipewa nafasi ya Ijumaa na ya Jumatatu, chukua Jumatatu: kidonda kikileta shida siku ya pili, ni Jumatano na kila mtu yuko kazini.