Namba Iliyo Nyuma ya Rangi

Ukifungua ramani ya matumizi ya ardhi ya Mufindi iliyotokana na picha za setilaiti, ile kijani ya misindano inayolisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo haimo ndani ya pikseli. Kilichomo ni namba, tuseme 2. Rangi inasomwa pembeni, kwenye jedwali liitwalo palete. Utaratibu huu ulienea tangu enzi za VGA ya IBM, iliyotoka mwaka 1987: pikseli 320 kwa 200, kila moja baiti moja, na rangi 256 zilizochaguliwa kati ya 262,144. Wengi huuona ni mbinu ya kubana kumbukumbu tu. Kwangu ni nidhamu ya kutenganisha maana ya kitu na sura yake, na mwandishi wa programu asiyeijua huharibu ramani bila kutambua. Tuseme chai ni 4 na mikaratusi ni 6. Programu inayopunguza ramani kwa kukokotoa wastani itakuta 2 na 6 mpakani, iandike 4, na mara shamba la chai linaota kati ya misitu miwili pasipo hata mche mmoja. Namba za palete hazina wastani. Pikseli mpya ichukue namba ya jirani yake wa karibu, basi.

Kuchora kwa biti kuna mtego wa aina hiyohiyo. Zamani fremu ya kuchagulia eneo ilichorwa kwa XOR, operesheni inayotoa 1 pale biti mbili zinapotofautiana na 0 zinapofanana. Namba 2, yaani 0010, ikikutana na 15, yaani 1111, inatoa 1101, ambayo ni 13. Rudia, na 13 inarudi kuwa 2: fremu imefutika, ramani iko vilevile, na hakuna nakala iliyohitajika. Ni ufundi mzuri kweli. Ila kinachogeuzwa ni namba. Kama nafasi ya 13 kwenye palete nayo ni kijani, fremu inamezwa na msitu. Dawa ni kupanga palete ili kila namba mbili zenye jumla ya 15 zipewe rangi zinazopingana.

Atatokea wa kusema kumbukumbu siku hizi ni rahisi, kila pikseli ipewe biti 24 mambo yaishe. Kwa picha ya harusi, sawa. Kwa ramani, anayetafuta ukubwa wa eneo la mikaratusi ataachwa akikisia vivuli vya kijani. Na anayedai kuchezea biti kumepitwa na wakati atazame data za Landsat 8, setilaiti iliyorushwa mwaka 2013. Zina safu ya ubora ambamo biti ya 3, ukihesabu kuanzia 0, huashiria wingu, na ya 4 kivuli cha wingu. Operesheni ya AND kati ya namba ya pikseli na 24 inanasa vyote viwili kwa mkupuo. Kwa nyanda zenye mawingu kama Mufindi, kazi hiyo hutangulia hesabu yoyote ya miti, kwa sababu kivuli kikiachwa, kitalu kilichokwisha kuvunwa kinaweza kusomeka kama msitu uliosimama.