Mto wa Vipande vya Nguo: Kazi Njema Itokanayo na Mabaki ya Fundi

Mtu apitaye Biashara Street katikati ya mji wa Nairobi, ile iliyoitwa zamani Bazaar Street, huona maduka yenye kanga, vitenge na nguo za kila rangi. Nguo za namna hiyo hukatwa na mafundi wa cherehani hata huko Kawangware na Kangemi, na jioni sakafu ya fundi hujaa vipande vinavyongoja ufagio. Lakini mwenye mkasi, sindano na saburi aweza kuvigeuza kuwa mto wa kiti ulio imara na wa kupendeza.

Kazi ya sindano si ngeni katika upande huo wa magharibi. Shule ya Jeanes ya Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1925, iliwafundisha wanawake kazi za nyumbani; na chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanza mwaka 1952, kilieneza mafundisho hayo vijijini. Tena mwaka 1996 ulianzishwa mjini Nairobi mradi wa Amani ya Juu, ambamo wanawake waliokimbia vita makwao walijipatia riziki kwa kushona.

Jambo la kwanza ni kuchagua, na hapa ndipo wengi huharibu kazi. Twaa vipande vya pamba tupu vyenye uzito sawa; kitambaa chepesi kikishonwa na kizito, chepesi huraruka upesi. Kisha vifue vyote kabla ya kukata. Pamba mpya hurudi ikifuliwa, na si kila kitambaa hurudi sawa na mwenzake. Chekundu na cha buluu kifuliwe peke yake mpaka maji yawe meupe, kisije kikachuja rangi juu ya vingine.

Sasa kata kadibodi ya mraba, inchi 5 kila upande, uifuate kwa chaki na kukata vipande 16. Vipange mezani mpaka rangi zikuridhishe. Shona vinne vinne kuwa mistari minne, ukiacha nusu inchi ukingoni. Piga pasi: mishono ya mstari wa kwanza ilale kulia, ya wa pili kushoto, vivyo hivyo mpaka wa nne, ili isirundikane mahali pamoja. Unga mistari, nawe utapata uso wa inchi 17.

Tandaza marikani ya inchi 19, juu yake blanketi kuukuu lililo safi la kadiri hiyo, na juu kabisa uso wako. Piga bandi kutoka katikati kwenda pembeni, kisha shona kandokando ya kila mshono, sindano ipite tabaka zote tatu. Toa bandi, upunguze kingo mpaka inchi 17.

Kwa mgongo, kata vipande viwili vya inchi 17 kwa 12. Kila kimoja kipindwe inchi moja upande mmoja mrefu. Vilaze juu ya uso, nje kwa nje, pindo zikipandana katikati. Shona pande zote nne, pembe mara mbili, kisha ugeuze. Ndani tia mfuko wa marikani uliojazwa sufi. Siku ya kufua, mfuko huo hutolewa, kwa maana sufi ikilowa hugandamana.

Ikiwa mto ni wa kuuza, kumbuka kwamba mnunuzi huona rangi tu. Mshono na kufua kwako havioni. Lakini siku atakapoufua yeye mwenyewe, yote yatajulikana. Ukipasuka au ukajikunja, hatarudi kwako, tena atawaambia jirani zake. Ukitoka kama ulivyoingia majini, huyo atakuletea wanunuzi wengine. Akiba haiozi, na kazi ya haki haimtupi mtendaji wake.