Kitalu cha Asumini kwa Vikundi vya Parokia



Huku pwani asumini ni ua la heshima. Huungwa vikuba, hupamba maharusi na kunukiza nyumba. Mwasumini ni kichaka kisichopukutisha majani, na ukitunzwa huchanua kwa miaka mingi. Kikundi cha akina mama kinaweza kuufanya mradi bila kununua miche mingi: mmea mama mmoja wenye afya unatosha kuanzia.

Aina yenye maua mazito kwa kawaida haizai mbegu, hivyo hupandwa kwa vipandikizi:

1. Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu kabisa. Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya fundo, kila kimoja kikiwa na mafundo 3 au 4.

2. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu.

3. Jaza viriba mchanganyiko wa mchanga na mboji iliyooza vizuri. Fukia mafundo 2.

4. Weka kivulini. Udongo uwe na unyevu, lakini maji yasituame, kwani vipandikizi vitaoza. Mizizi huhitaji kama wiki 4 hadi 6, msiving'oe kuvitazama.

Wasio na viriba wanaweza kulaza tawi la chini, kulifukia sehemu ya katikati, na kulikata likishaota mizizi.

Miche ihamishiwe shambani mvua zinapoanza, mahali penye jua la kutosha. Pogoeni baada ya msimu wa maua, kwa kuwa maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Vidung'ata vioshwe kwa maji ya sabuni.

Kamati zikumbuke jambo moja kabla ya kuomba fedha. Asumini huchumwa ikiwa bado tumba, hufunguka jioni, na kesho yake hunyauka. Haiwezi kusubiri gari la wiki ijayo. Kwanza tafuteni mnunuzi wa karibu, ndipo mpande.

Nanyi wafadhili wetu, msitosheke na taarifa ya idadi ya vipandikizi vilivyochomekwa. Ulizeni vingapi vimeshika mizizi, na nani ananunua maua. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayoonyesha kama sadaka yenu imeota.