Kwa Nini Jahazi Kuukuu Hupigwa Kalafati

Mkulima wa Ubaruku, katika bonde la Usangu, akiona mpini wa jembe umelegea, huuloweka majini. Mti hufyonza maji, huvimba, nao mpini hukaza tena. Kanuni hiyo hiyo hutumiwa na mafundi wa pwani wanapotengeneza upya jahazi kuukuu.

Jahazi hupandishwa ufukoni wakati wa maji ya bamvua, na mbao na mataruma yaliyooza hung'olewa. Taruma jipya huchongwa kwa tezo kutokana na tawi lililokua likiwa limepinda, kwa kuwa nyuzi za mti hufuata pindo hilo. Gogo lililonyooka likichongwa kwa kupinda, nyuzi hukatika na nguvu hupungua. Matundu ya misumari hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke.

Kisha huja kalafati: pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa katika viungo vya mbao. Hapa ndipo penye hatari. Ubao ukilowa huvimba kwa upana, lakini kwa urefu hauongezeki ila kidogo mno. Pamba ikiwa haba, maji hupenya. Ikizidi, mbao husukumana hata misumari ikalegea, na chombo kikavuja baharini na watu wamo ndani.

Mwisho, sehemu izamayo hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, kuzuia viumbe watoboao mbao. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, isikaukie juani.

Mwanafunzi aweza kujaribu: pima upana na urefu wa kipande cha ubao mkavu, kiloweke siku tatu, kisha pima tena.