Watoto wa mpakani wanahitaji uwanja wa magurudumu, wasiachiwe barabara ya malori

Barabara ya lami ya kilomita 104 inayotoka Musita, ikapita Mayuge na Lumino hadi Busia na Majanji, imerahisisha biashara ya samaki upande wa Uganda. Sangara na mukene, wale dagaa ambao ng'ambo ya Kenya huitwa omena, hutoka ufukweni mwa Ziwa Victoria na kufika sokoni Busia bila shida za zamani za tope na mashimo. Lakini lami haiwafai wachuuzi peke yao. Kwa mtoto, ni ardhi laini ambayo gurudumu dogo linaweza kuzunguka bila kukwama. Na pale ambapo hakuna sehemu nyingine laini ya kuchezea, mchezo hufanyika hapo hapo, katikati ya bodaboda, matatu na malori.

Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, hilo ni jambo zito. Mzigo una mtu wa kuulinda na pikipiki ina mahali pa kuegeshwa. Mtoto aliyetoka shule saa tisa, wazazi wakiwa bado sokoni, huwa hana mahali pake palipoandikwa katika ramani ya mji.

Kitintale walianza na saruji

Hoja ya kuwatengea vijana viwanja vya skeitibodi, yaani ubao wenye magurudumu manne ambao mchezaji huusimamia na kuusukuma kwa mguu, si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 2006, katika mtaa wa Kitintale jijini Kampala, Jackson Mubiru na wenzake walijenga uwanja wa saruji unaotambuliwa kuwa wa kwanza wa aina yake nchini Uganda. Hawakungoja bajeti ya jiji. Walijenga katika mtaa wa watu wa kawaida, na watoto wa jirani wakajifunza wao kwa wao.

Kenya ilifuata mwaka 2013, pale uwanja wa namna hiyo ulipojengwa Nairobi katika kituo cha watoto cha Shangilia, mtaani Kangemi, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Addis Ababa ilipata wake mwaka 2016, uliojengwa na vijana wa mji huo pamoja na watu waliojitolea kutoka nchi nyingine.

Baada ya hatua hizo mchezo wenyewe ulipanda daraja. Uliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika mwaka 2021. Mshindi wa dhahabu wa wanawake katika mtindo wa mtaani alikuwa Momiji Nishiya wa Japani, msichana wa miaka 13. Umri huo ni wa mwanafunzi anayemaliza shule ya msingi.

Busia inajua magurudumu

Mji wa mpakani hauna sababu ya kulionea shaka gurudumu jipya. Bodaboda, ambayo leo inabeba abiria kutoka Mombasa hadi Kigali, ilianzia hapa hapa mpakani katika miaka ya 1960. Waendesha baiskeli waliwabeba watu na mizigo katika kipande cha ardhi kilicho kati ya vituo viwili vya mpaka, na jina lake likatokana na wito wa kutoka boda hadi boda. Kazi ilitangulia, kanuni zikaja baadaye.

Ndivyo ilivyo pia kwa watu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa Busia kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wao ni sehemu ya biashara ya mpaka huu, na wanaelewa kuliko mtu yeyote maana ya ukingo wa barabara uliojengwa bila mteremko. Hapa ndipo hoja ya skeitibodi inapowagusa watu wazima. Njia ya pembeni iliyo laini na yenye mteremko mdogo mwishoni humfaa mtoto mwenye ubao, mlemavu mwenye baiskeli yake, mama anayevuta mkokoteni na mchuuzi mwenye toroli. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu ya mbao inayobeba viazi na makaa imesimamishiwa sanamu mjini kwa heshima ya kazi yake. Eneo hili linajua thamani ya gurudumu dogo.

Marufuku huzaa magendo

Kuna miji iliyojaribu njia ya kukataza. Mfano mkubwa ni Norwe, ambako kati ya mwaka 1978 na 1989 serikali ilipiga marufuku kuuza, kuingiza nchini na kutumia skeitibodi kwa kuhofia watoto kuumia. Kilichofuata hakitamshangaza mfanyabiashara yeyote wa mpakani: mbao ziliingizwa kwa magendo, na vijana wakajenga majukwaa yao msituni, mbali na macho ya polisi. Hofu ya serikali ilikuwa ya kweli, kwa kuwa mchezo huu huvunja mikono. Lakini mtoto anayeanguka msituni kwa siri yuko mbali zaidi na msaada kuliko anayeanguka uwanjani mbele ya watu.

London ilichukua njia nyingine. Mipango ya kuugeuza ukumbi wa wazi wa chini ya jengo la Southbank kuwa maduka ilipotangazwa mwaka 2013, wachezaji waliokuwa wakiutumia tangu miaka ya 1970 walikusanya saini na pingamizi kwa maelfu. Mwaka 2014 makubaliano yakafikiwa kwamba wabaki. Huko Portland, Marekani, vijana walianza kujenga uwanja chini ya daraja la Burnside mwaka 1990 bila kibali, na mji ukaja kuukubali. Baadaye sheria za mji huo ziliruhusu skeitibodi barabarani kwa masharti, yakiwemo taa usiku na kofia ngumu kwa walio chini ya miaka 16.

Nani mwenye kalamu

Mpakani kuna kalamu mbili. Upande wa Uganda, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inayapa mabaraza ya wilaya uwezo wa kutunga sheria zao, na mabaraza ya chini yake, kama ya miji na magombolola, kutunga sheria ndogo, mradi zisipingane na sheria za juu. Busia, Tororo na Malaba zote zinaguswa na mamlaka hiyo. Upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeziachia kaunti masuala ya michezo na viwanja vyake, pamoja na bustani na sehemu za burudani. Katiba hiyo inalitaka pia bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi.

Sheria ndogo nzuri haihitaji kurasa nyingi. Inataja mahali ambapo ubao unaruhusiwa na mahali usiporuhusiwa: barabara kuu ya malori, uwanja wa forodha, na vichochoro vya soko saa za msongamano. Inaeleza kofia na taa. Inazuia askari wa mji kumnyang'anya mtoto ubao bila maandishi. Na inatenga kiwanja katika ramani ya mji kabla hakijamegwa kuwa vibanda.

Saruji ipo Tororo

Kuhusu gharama, eneo hili lina bahati. Uwanja wa skeitibodi ni saruji, mchanga, kokoto na nondo, na saruji inatengenezwa Tororo kwenyewe. Kinachohitaji ujuzi zaidi ni fundi wa kulainisha miinuko na mabonde. Mji usio na fundi huyo unaweza kuanza na sakafu bapa yenye vizingiti vifupi na mteremko mmoja.

Bei ya ubao nayo ina somo la mpakani. Ubao uliotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haupati nafuu ya utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ule wa cheti rahisi cha asili kwa bidhaa zilizo kwenye orodha na zisizozidi thamani ya dola 2,000. Seremala wa Busia au Tororo akiweza kukata na kupinda mbao hizo hapa, kinachobaki kuagizwa ni vyuma na magurudumu.

Majanji ina swali lake peke yake. Mwanika mukene yeyote akiona sakafu safi ya saruji ufukweni ataitamani, na ana haki ya kuitamani, kwa kuwa dagaa waliokaushwa mchangani hupoteza bei. Uwanja wa watoto ukijengwa bila kutaja matumizi yake, baada ya msimu mmoja utakuwa kichanja cha samaki na ugomvi kati ya wazazi. Kwa hiyo madai mawili yapelekwe pamoja barazani: sakafu ya kuanikia kwa wafanyabiashara, na sakafu ya kuchezea kwa watoto wao.

Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza Julai 1. Kaunti za Kenya hutakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti kwenye mabunge yao kufikia Aprili 30, na wilaya za Uganda huitisha mikutano ya bajeti miezi mingi kabla ya Julai. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani tayari huketi kwenye mikutano hiyo kudai vyoo vya soko, taa na maegesho. Kiwanja cha watoto kinaweza kuandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo.